Shajara ya ngome mbili na lango lililohama

Jumamosi, Juni 28

Nimekubali, na nimeshaanza kujuta. Mwalimu wa historia wa binti yangu anataka kitu cha kuweka mezani kabla ya Siku ya Urithi, ambayo hapa Afrika Kusini ni Septemba 24. Binti yangu, bila kuniuliza, akanyoosha mkono: "Baba yangu ni seremala." Basi, ndiyo nimepewa kazi ya kutengeneza mfano wa Castle of Good Hope, ngome ninayopita pembeni yake kila nikienda stesheni. Miaka 11 nipo Cape Town tangu nitoke Tanga, na sijawahi kuingia ndani hata siku moja.

Wiki hii nimesoma usiku. Kumbe ngome zilikuwa mbili. Mtu akiiona hii ya mawe anadhani ndiyo aliyoijenga Jan van Riebeeck, naye alishaondoka zamani ilipoanzwa. Van Riebeeck alitia nanga Aprili 6, 1652. Merikebu zake zilikuwa Drommedaris, Reijger na Goede Hoop. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, ile VOC, ilimtuma aanzishe kituo cha maji, mboga na nyama kwa ajili ya mabaharia waliokuwa wakifa kwa kiseyeye njiani kwenda Batavia, Jakarta ya leo. Kazi yake ya kwanza ikawa kupiga ngome ya udongo na mbao, yenye pembe nne. Ile ya mawe ilianza baada ya miaka 14.

Nitatengeneza zote mbili. Ya udongo iwe ndogo, ya mawe iwe kubwa, sentimita moja kwa kila mita mbili. Kwa kipimo hicho itakula meza ya mita moja na nusu. Mama watoto ameuliza chakula tutalia wapi.

Jumamosi, Julai 5

Ngome ya udongo. Ningeweza kutumia jasi na rangi ya kahawia, nimalize kwa saa mbili. Nikasema hapana, udongo uwe udongo. Nimechimba ndoo mbili nyuma ya karakana, nimechekecha, nimechanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa kama babu yangu alivyokuwa akifanya kwenye nyumba ya miti na udongo kule kijijini. Pembe nne, kila pembe na buruji yake, yaani boma linalochomoza nje ya kona: Drommedaris, Reijger, Oliphant, Walvis. Mbili zilipewa majina ya merikebu za safari ile ile, na hizo nyingine mbili ni majina ya merikebu za Kampuni pia. Mtu anayetoka baharini huyaita mambo ya nchi kavu kwa majina ya vyombo. Kwetu pwani tunaelewa hilo.

Imependeza. Nimeiacha barazani ikauke.

Jumatano, Julai 9

Haijakauka. Mvua za baridi za Cape zimeingia na upepo wa kaskazini magharibi, ule unaopiga maji kwa ubavu. Baraza haikusaidia kitu. Ukuta wa upande wa Oliphant umelala kama mtu aliyechoka, na buruji ya Walvis imepasuka kutoka juu hadi chini.

Nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu. Ndicho kilichompata van Riebeeck! Kuta zake za udongo na majani ya nchi zilikuwa zikimomonyoka kila majira ya mvua, watu wanakarabati, mvua ijayo inaangusha tena. Mholanzi ametoka nchi ya mvua, lakini kwao mvua haiji na upepo huu. Na mimi nimeishi hapa miaka 11, nimeweka udongo mbichi barazani mwezi wa Julai. Nani mjinga zaidi?

Jumapili, Julai 13

Nimekarabati Oliphant. Ufa wa Walvis nimeuacha makusudi, nimeupaka gundi nyembamba tu usiendelee. Wanafunzi wauone.

Nikiwa nasubiri gundi nikakutana na kisa cha Doman, na sasa mvua naitazama kwa jicho jingine. Doman alikuwa Mkhoikhoi, mmoja wa wafugaji wenyeji wa Cape, na mkalimani wa Waholanzi. Walimpeleka Batavia, akaona Kampuni inavyowatendea wenyeji wa kule, akarudi na akili imebadilika. Wakati huo Kampuni ilikuwa imeanza kugawa mashamba kwa watu wake, tena kwenye malisho ya Wakhoikhoi. Mwaka 1659 Doman akaongoza vita. Yeye alikuwa amekaa nao, anazijua bunduki zao: ni za utambi, na utambi ukilowa hauwaki. Basi akawa anachagua siku za mvua kushambulia mashamba na kuchukua ng'ombe. Waholanzi na wakulima wao walikimbilia ndani ya ile ngome ya udongo, ambayo nayo mvua ilikuwa inaila.

Wakhoikhoi hawakuwa na namna ya kuivunja ngome, na mwaka 1660 wakaja kuzungumza amani humo humo ndani. Van Riebeeck mwenyewe aliandika katika shajara yake walichomuuliza: je, sisi tungekuja Uholanzi na kufanya kama mnavyofanya hapa, mngeturuhusu? Akawajibu kwamba nchi imeshapotea vitani, na malisho hawatarudishiwa. Alilinukuu swali lile kikamilifu na jibu lake pia, bila haya. Baada ya hapo akapanda ua wa milozi michungu kuzunguka eneo la Kampuni. Sehemu ya ua huo bado ipo hai pale bustani ya Kirstenbosch. Nimewahi kumwekea mteja mlango mtaa wa jirani, nisijue.

Jumamosi, Julai 19

Leo nimekwenda kwenye ngome yenyewe na binti yangu. Tumelipa kiingilio kama watalii.

Nilikuja na futi kamba na daftari, nikidhani nitapima kuta. Saa nzima ikaishia langoni. Kwanza, huingii moja kwa moja. Unapita geti la nje lenye nguzo mbili na simba juu, halafu kuna boma dogo la mbele, ravelini, linalokulazimisha kukunja njia. Askari aliye juu ya ukuta anakuona vizuri kabla wewe hujaona chochote cha ndani. Ndipo unalikuta lango lenyewe, kati ya buruji ya Leerdam na buruji ya Buuren: tao, nguzo bapa za jiwe la kijivu, na juu yake matofali madogo ya njano, membamba kama biskuti. Matofali hayo huitwa ijsselsteen. Yalisafirishwa kutoka Uholanzi. Mlima mzima wa mawe uko mgongoni mwao, lakini kwa sura ya mlango wakataka tofali la kwao.

Binti yangu akauliza, "Baba, mbona ngome ya baharini lango lake linaangalia mjini?"

Nikataka kumjibu haraka haraka, nikanyamaza, maana swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Mwongozaji alikuwa karibu akatusikia. Akasema lango hili ni la pili. La kwanza lilikuwa ukuta mwingine, kati ya Buuren na Catzenellenbogen, likiitazama Ghuba ya Meza. Bahari wakati ule ilifika karibu, na husimuliwa kwamba maji yakijaa mawimbi yaliingia mpaka langoni. Simon van der Stel, aliyekuja kuwa kamanda mwaka 1679, ndiye aliyeligeuza. Kazi ilianza 1682 na lango hili likakamilika 1684.

Tumerudi kwa daladala za hapa, zile wanazoziita teksi. Njia nzima nawaza: nijenge lango lipi?

Jumanne, Julai 29

Leo sikushika msumeno. Ni tarehe aliyofariki Krotoa, mwaka 1674. Alikuwa mtoto wa ukoo wa Autshumato, kiongozi wa Wakhoikhoi, akalelewa nyumbani kwa van Riebeeck, akawa mkalimani kati ya pande mbili, akaolewa na tabibu wa Kampuni, Pieter van Meerhof, harusi ikafungwa ngomeni. Mume alipokufa wakamtupa, wakamfunga Robben Island. Alipokufa wakamzika ndani ya ngome mpya ya mawe, mwaka ule ule kikosi kilipohamia humo. Akiwa hai walimkataa, akiwa maiti wakamfungulia lango. Na lango alilopitishwa ni lile la baharini, maana hili la sasa halikuwepo.

Basi lango la kwanza lazima liwemo.

Jumamosi, Agosti 9

Sikukuu, kazi mchana kutwa. Pembe tano. Kila kona ya pembetano iliyo sawa ina nyuzi 108, na mimi nikakata ya kwanza kwa 72, kwa sababu nilisoma namba ya katikati badala ya ya ukingoni. Ubao mmoja umekwenda na maji.

Buruji ndizo zinazotesa. Kila moja ni kama ncha ya mkuki iliyochomoza nje ya kona. Sikuelewa kwa nini wasingeweka minara ya mviringo kama ya zamani, mpaka nilipochukua uzi. Nimefunga ncha moja ubavuni mwa Buuren, nikauvuta sambamba na ukuta mpaka Leerdam. Hakuna hata sehemu moja ya ukuta ambayo mzinga wa Buuren hauioni, na Leerdam nayo inailinda Buuren vivyo hivyo. Mnara wa mviringo huacha mahali pa kujificha mbele yake. Buruji haiachi. Ni hesabu ya uzi tu.

Majina ya buruji tano: Leerdam, Buuren, Catzenellenbogen, Nassau, Oranje. Yote ni vyeo vya Willem wa Oranje, kiongozi wa Uholanzi wakati ule. Safari hii hawakutumia majina ya merikebu. Ile ngome ya kwanza ilikuwa ya mabaharia, hii ni ya watu waliokwisha amua kukaa.

Jumamosi, Agosti 16

Plaiwudi niliyoletewa imepinda kama ulimi wa ng'ombe. Nimeirudisha, wamenipa nyingine, nayo imepinda kidogo. Nimeipigilia mbao nyuma. Wiki imepotea.

Nimetumia muda huo kusoma ujenzi. Jiwe la kwanza liliwekwa Januari 2, 1666, enzi za kamanda Zacharias Wagenaer, wakati Uholanzi na Uingereza wanapigana na kila merikebu inayochomoza Ghuba ya Meza inaweza kuwa ya adui. Amani ilipopatikana 1667, fedha zikakatika na kazi ikalala. Vita viliporudi 1672, fedha zikarudi. Aliyewahi kufanya kazi ya ukandarasi wa serikali atajua hali hii bila kuelezwa. Mawe yalichimbwa milimani hapa hapa, chokaa ikachomwa kutokana na kombe za baharini, mbao zikatoka Hout Bay, jina ambalo kwa Kiholanzi ni ghuba ya mbao. Waliobeba ni askari, mabaharia, Wakhoikhoi waliolipwa kidogo, na watumwa. Watumwa wengi wa mwanzo waliletwa 1658 na merikebu mbili: Amersfoort, iliyowanyang'anya Wareno watu waliokuwa wametekwa Angola, na Hasselt, kutoka pwani ya Afrika Magharibi.

Fundi mwenzangu wa Unguja, aliyekuja kunisaidia kupigilia, aliuliza, "Kaka, na sisi je? Tulifika lini huku?" Nikamwambia kati ya 1776 na 1778 merikebu za Kampuni zilitoka hapa Cape hadi Unguja kununua watu. Akanyamaza, akaendelea na nyundo.

Jumapili, Agosti 24

Tatizo la malango limetatuka, nami nimefurahi kama mtoto.

Sitajenga lango moja nikaandika kikaratasi kuhusu la pili. Kuta mbili, ule wa Leerdam na Buuren, na ule wa Buuren na Catzenellenbogen, nimezikata katikati pengo la upana mmoja kamili. Nimetengeneza vipande viwili: kimoja ni lango, kingine ni ukuta mtupu. Vyote vina ulimi wa kuteleza kwenye mfuo, kama droo. Ukitaka ngome ya 1674, chomeka lango upande wa bahari. Ukitaka ya 1684, lihamishie upande wa mji. Huwezi kuwa na malango mawili kwa wakati mmoja, maana kipande cha lango ni kimoja.

Mfuo nimeuchimba kwa patasi ya milimita sita, nikaupiga msasa, nikaupaka nta ya mshumaa. Unateleza bila kelele.

Kuna kosa la kihistoria ndani yake, nalijua: lango la baharini halikuwa na urembo wa hili la pili. Nimewaza kutengeneza mawili tofauti, lakini mchezo ungeharibika. Nitalieleza kwa mdomo.

Jumamosi, Septemba 6

Urembo wa lango. Matofali ya njano ni njiti za kuchokolea meno, nimezikata vipande vya milimita mbili na kuzipaka rangi ya bizari. Vipande 340. Macho yameniuma mpaka nikaazima miwani ya jirani.

Kwenye ile pembetatu ya juu kuna nembo ya Uholanzi: simba mwenye taji, ameshika mishale saba, majimbo saba yaliyoungana. Chini yake ziko nembo za miji sita yenye ofisi za Kampuni: Hoorn, Delft, Amsterdam, Middelburg, Rotterdam, Enkhuizen. Pembeni, alama ya VOC. Kwa kipimo changu simba mzima ni mdogo kuliko punje ya mchele. Nimemchonga mara tatu. Wa kwanza alifanana na paka, wa pili alivunjika mkia, wa tatu anapita ukimtazama kwa mbali. Mishale sikuiweza. Saba ni mingi mno kwa punje ya mchele.

Mfalme wa Uholanzi huwezi kumtafuta hapo, nchi yao wakati ule haikuwa na mfalme. Mgeni aliyefika langoni alisoma mambo mawili: juu ni dola, chini ni wenye hisa. Na dola imepewa mstari mmoja, wenye hisa wamepewa upana wote.

Kengele ya juu ya lango: ya kweli iliyeyushwa Amsterdam mwaka 1697 na Claude Fremy, ina uzito unaozidi kilo 300 kidogo, na inasemekana ilisikika umbali wa kilomita 10. Yangu ni kifuniko cha kalamu ya wino.

Jumapili, Septemba 14

Bahari niichore wapi? Ukisimama leo kwenye ukuta wa Buuren, maji huyaoni. Kuna reli, barabara, maghorofa. Eneo lote la Foreshore lilijazwa kifusi miaka ya 1930 na 1940 walipochimba gati mpya. Mtaa unaopita kando ya ngome unaitwa Strand Street, mtaa wa ufukweni, na ufukwe wenyewe hauonekani.

Vijana wa Kitanzania wanaolala chini ya madaraja ya pale Foreshore wakingoja meli ya kuzamia wamelala juu ya bahari ya van Riebeeck. Nilikaa nao wiki mbili nilipofika. Tulikuwa tunasema tunalala "karibu na maji".

Nimechora bahari ya buluu mpaka ukutani, halafu juu yake nikaweka kipande cha plastiki angavu chenye ramani ya sasa. Ukikifunua, maji yanarudi.

Jumapili, Septemba 21

Handaki limekamilika, nimelijaza mchanga badala ya maji kwa ajili ya kisa kimoja. Gavana Isbrand Goske alipofika 1672 alikuta kazi inasuasua. Akaamuru kila apitaye hapo, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, abebe vikapu 12 vya udongo kutoka handakini. Binti yangu amependa hiyo kuliko vita vyote. Ameweka kijiko cha chai pembeni na kibandiko: "Vijiko 12 kabla hujapita." Mama yake alikuwa wa kwanza, akaweka vijiko vitano, akasema vingine ataleta gavana.

Baada ya taabu yote hiyo, ngome haikuwahi kuzingirwa. Waingereza walipokuja 1795 walipigana Muizenberg, na 1806 wakapigana Blaauwberg, halafu wakaingia mjini. Lango lile zuri walifunguliwa. Waliopitishwa humo kwa nguvu walikuwa wafungwa wa baadaye: mfalme Cetshwayo wa Wazulu aliingizwa humo mwaka 1879 baada ya utawala wake kuvunjwa.

Jumanne, Septemba 23

Tumepeleka. Pikapu ya kuazima, blanketi tatu, mwendo wa konokono. Nembo ya Delft imedondoka njiani, sijaiona tena.

Wanafunzi hawakusikiliza hotuba yangu. Walikwenda moja kwa moja kwenye lango la kuteleza, wakalihamisha na kulirudisha mpaka nta ikaisha. Mvulana mmoja aliliweka upande wa bahari, akashusha ile plastiki ya ramani ya sasa, akaangalia, akasema, "Hapa lingefunguka kwenye reli." Mwalimu alicheka. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na ngome hii miezi mitatu na hilo halikunijia.

Alhamisi, Septemba 25

Mwalimu amepiga simu asubuhi. Jana ilikuwa sikukuu, shule imefungwa, na mtu aliacha dirisha wazi juu ya meza. Usiku imenyesha. Ngome ya mawe iko salama, imelowa kidogo tu. Ya udongo imemeguka upande wa Walvis, pale pale kwenye ufa, na tope limetiririka mpaka kwenye Ghuba ya Meza.

"Unaweza kuja kuitengeneza?" akauliza.

Kesho baada ya kazi. Udongo wa ndoo ya pili bado upo.